Sura ya Sita: Wimbo Huo Umeupata kwa Nani?

Kila msimu wa simu mpya na programu mpya za muziki, swali lile lile hurudi: kwa nini mtu akipata wimbo mtamu hawezi kutulia nao peke yake? Atauweka kwenye stetasi ya WhatsApp, atamchomekea jirani spika moja ya sikioni ndani ya matatu, kisha atamuuliza, “Na wewe siku hizi unasikiliza nini?” Wapo wanaoliona jambo hili kuwa majivuno. Mtu anataka ajulikane kuwa ana masikio ya kuchagua.

Majivuno yamo, tusidanganyane. Lakini hilo ni jibu la mtu aliyekulia karibu na duka la santuri, mahali ambapo muziki umepangwa rafuni unamsubiri mnunuzi. Tulipeleke swali Eldas, Kaunti ya Wajir. Ni nchi ya ngamia na mbuzi, ya visima na mvua za kubahatisha, na ni makao makuu ya eneo bunge lililomegwa kutoka Wajir Magharibi na kumchagua mbunge wake wa kwanza mwaka 2013. Kampuni za muziki za Nairobi hazikufungua tawi huko. Gari la matangazo lenye vipaza sauti halikupita likinadi kanda mpya. Hata hivyo, muulize mtu mzima wa huko kuhusu nyimbo za Kisomali za miaka ya 1970 na 1980, atakutajia waimbaji kwa majina, na bila shaka atakubishia pia kuhusu nani alikuwa bora.

Muziki huo ulifikishwa na wapenzi wenyewe, mtu kwa mtu. Katika pembe hii ya Kenya, kuambiana unachosikiliza hakukuwa gumzo la baada ya kusikiliza. Ndiyo iliyokuwa njia ya muziki kusafiri, na bila gumzo hilo hapangekuwa na cha kusikiliza.

Albamu ambayo kiwanda hakikuitoa

Albamu, kwa maana ya kawaida, ni mkusanyiko wa nyimbo uliopangwa na msanii au kampuni, ukapewa jina na jalada, ukauzwa kama kitu kimoja. Zamani za gramafoni, santuri moja ilibeba dakika tatu au nne kila upande, kwa hiyo mwenye kutaka nyimbo nyingi alinunua santuri kadhaa zilizowekwa katika jalada kama la kitabu cha picha. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia huko Marekani ikaleta santuri ndefu, ya dakika zaidi ya 20 kila upande, na albamu ikawa kitu kimoja cha kushika mkononi.

Pwani yetu iliingia mapema katika biashara hiyo. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zilizouzwa Afrika Mashariki nzima. Baadaye, enzi ya kanda, Mombasa ilikuwa na maduka kama Mbwana Radio Service, ambako mpenzi wa taarabu alipata kanda za waimbaji wa mji wake.

Upande wa Wasomali mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Baada ya Siad Barre kutwaa madaraka Oktoba 1969, muziki wa Somalia ulishikwa na serikali. Waaberi walikuwa kundi la taifa, na bendi nyingine kubwa zilikuwa chini ya jeshi, polisi na wizara. Waimbaji na watunzi walilipwa mshahara, na nyimbo zao zilirekodiwa redioni, Mogadishu na Hargeisa, ili zipigwe hewani. Hazikurekodiwa ili ziuzwe. Bendi za binafsi kama Dur-Dur zilikuja kuuza kanda madukani katika miaka ya 1980, lakini sehemu kubwa ya nyimbo zilizopendwa haikuwa na albamu hata moja.

Mpenzi angefanya nini? Aliitengeneza yeye mwenyewe. Mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionyesha kaseti ndogo ya plastiki ambayo mtu yeyote angeweza kuitumia kurekodi. Nadhani hakuna watu walioitumia kwa bidii kuliko Wasomali. Lugha yao ilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu, na kabla ya hapo kila kitu cha maana, kuanzia shairi la vita hadi posa, kilikaa kichwani na mdomoni. Kaseti ilikuwa karatasi yao kabla karatasi yenyewe haijazoeleka.

Mpaka wa nchi nao ulikuwa na lake. Wilaya za kaskazini mashariki mwa Kenya ziliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu mwisho wa 1963 hadi 1991, na wakati wa vita vya Shifta, vya Wasomali wa huko waliotaka kujitenga, redio ya Mogadishu ilikuwa sauti ya upande wa pili. Kuifungulia redio hiyo ili kusikia wimbo wa mapenzi kulikuwa na siasa ndani yake, upende usipende.

Kaseti inavyozaliwa

Tuichukue kaseti moja ya miaka ya 1980 na kuitazama kwa karibu.

Kwanza kuna redio kaseti, bora iwe ya milango miwili ili kanda moja inakilie nyingine. Inakula mawe makubwa sita, yaani betri. Mawe yakichoka, muziki huanza kuburuta miguu, sauti ya mwanamke inashuka hadi inakaribia ya mwanamume, na mwenye redio huyatoa na kuyaanika juani ili yapate uhai wa siku moja au mbili. Ukirekodi kwa mawe yaliyochoka, kanda itakapopigwa kwenye mashine yenye nguvu itakimbia, na mwimbaji atalia kama kifaranga. Ndiyo maana nakala mbili za wimbo mmoja zilisikika kama nyimbo mbili, na watu wakabishana kuhusu ipi ni ya kweli.

Kisha kuna mkono juu ya kitufe. Anayerekodi kutoka redioni husubiri mtangazaji amalize kusema. Akichelewa kubonyeza, wimbo unakosa mstari wa kwanza. Akiwahi, kanda inabeba nusu ya jina la mtangazaji milele. Vipande hivyo vya sauti za watangazaji, mlio wa saa, na mbwa aliyebweka nje vikawa sehemu ya wimbo. Aliyekua na nakala hiyo akija kusikia wimbo safi, huona kama umepungukiwa.

Juu ya kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, mashine inakataa kurekodi tena juu yake, na hivyo ndivyo ulivyolinda kanda ya thamani. Lakini ulinzi huo ulishindwa na kipande cha karatasi ya gundi: ziba matundu, kanda inafunguka upya. Ukitaka kujua mtu alibadilika lini, angalia matundu ya kaseti zake. Zipo zilizoanza na nyimbo za mapenzi, zikazibwa, zikapokea mawaidha ya sheikh.

Nyimbo zikiisha na kanda bado ina dakika chache, nafasi hiyo haikuachwa tupu. Mtu alisema salamu. “Hooyo (mama), mimi mzima, pesa nimempa dereva.” Familia nyingi zilitumia kanda badala ya barua, zikienda na kurudi kati ya Wajir, Eastleigh, Jeddah na miji ya Ulaya. Aliyepokea alipata nyimbo na habari za nyumbani katika ganda moja, na alipomnakilia rafiki nyimbo zile, mara nyingine salamu za mama zilikwenda nazo.

Vumbi lilikuwa adui wa kudumu. Lilikaa kwenye kichwa cha mashine, likapanguswa kwa pamba na spiriti. Utepe ukitoka nje ulirudishwa kwa kuzungusha kalamu ya Bic katika tundu. Ukikatika, uliungwa kwa gundi, na pale kwenye kiungo neno moja la wimbo likapotea.

*Kwa ufupi: mpenzi wa muziki wa kaskazini mashariki alikuwa mrekodi, mhariri, mchapaji na msambazaji. Albamu ilikuwa ile aliyompangia mtu fulani, kwa mfuatano alioutaka yeye.*

Sheria ya jina

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mtu wa nje hulipita bila kuliona. Kaseti iliyonakiliwa bila kampuni wala jalada ingetarajiwa kuwa mali isiyo na mwenyewe. Haikuwa hivyo, na sababu yake ni ya zamani kuliko umeme.

Katika ushairi wa Kisomali, anayelighani shairi la mwingine ana wajibu wa mambo mawili: amtaje aliyelitunga, na asibadilishe maneno yake kwa makusudi. Washairi wakubwa walikuwa na watu waliohifadhi tungo zao kichwani na kuzipeleka kambi hadi kambi, na mhifadhi aliyedai shairi ni lake alijiaibisha. Mashairi yalibeba madai ya malisho, damu na heshima. Lazima ijulikane nani alisema nini. Hii ilikuwa hakimiliki, yaani haki ya mtunzi juu ya kazi yake, ila ililindwa na aibu badala ya mahakama.

Nyimbo za redio zilirithi desturi hiyo. Mtangazaji hakutosheka kumtaja mwimbaji. Wimbo wa Kisomali kwa kawaida una watu watatu, na mpenzi wa kweli huwajua wote:

- mwenye maneno, yaani mshairi;
- mwenye mahadhi, yaani aliyeupa wimbo sauti yake ya kupanda na kushuka;
- mwenye koo, yaani mwimbaji.

Ukienda barazani na kaseti mpya, hayo ndiyo utakayoulizwa. Na litaongezwa la nne ambalo redio haikulitaja: umeipata kwa nani? Jibu la swali hilo lilikuwa muhuri. Kaseti iliyotoka kwa dereva anayekwenda Mogadishu kila mwezi ilikuwa na uzito wake, na iliyookotwa sokoni Garissa na mtu asiyejua tofauti ya waimbaji Magool na Hibo Nuura ilikuwa na uzito mwingine kabisa. Anayekupa wimbo alikuwa akikudhaminia.

Mfano mkubwa wa nguvu ya mtandao huu wa kaseti ni mnyororo wa mashairi uitwao *Deelley*. Ulianzishwa mwaka 1979 na mshairi Mohamed Hashi Dhama, maarufu Gaarriye, katika kuisema siasa ya ukabila chini ya utawala wa Barre. Sharti la utungo lilikuwa kwamba kila mstari uwe na neno linaloanza kwa herufi D. Mshairi Hadraawi, aliyekuwa ametoka kifungoni mwaka 1978, aliingia, na washairi wengine kwa makumi wakajibu, wengine wakimpinga mwenzao. Redio ya serikali isingeweza kuyapiga hayo. Kaseti ziliyabeba hadi Kenya, Ghuba na Ulaya. Serikali ingeweza kuifunga stesheni moja. Mashine za watu za milango miwili ingezifunga vipi?

   

Sauti zilipozikwa

Mwaka 1988 ndege za serikali ya Barre ziliushambulia mji wa Hargeisa. Kabla moto haujafika, watu wa redio walizitoa kanda za maktaba. Nyingine zilifichwa chini ya ardhi, nyingine zikavushwa mpaka. Miaka mitatu baadaye, Januari 1991, serikali ya Mogadishu ikaanguka, na watu wakamiminika Kenya. Kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, zilifunguliwa wakati huo. Eastleigh, Nairobi, ukageuka mtaa wa biashara wa Wasomali wa kila upande wa mpaka.

Miongoni mwa waliokimbia walikuwamo wasanii wenyewe. Maryam Mursal, mwimbaji wa Waaberi aliyewahi kupigwa marufuku na serikali akageukia udereva ili kuishi, alitoka Mogadishu na watoto wake watano, akapita Kenya na Ethiopia katika safari ya miezi saba hadi Djibouti, kisha akapokewa Denmark. Kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake *The Journey* mwaka 1998. Kwa hiyo albamu ya kiwandani, yenye jalada na jina, ilimjia mwimbaji huyu Ulaya, baada ya miaka mingi ya kusikika kwenye kaseti za kunakiliana.

Baadaye walikuja wakusanyaji. Huko Hargeisa, taasisi ya utamaduni ya Redsea imekusanya kanda zaidi ya 10,000, nyingi kutoka mikononi mwa watu wa kawaida. Mwaka 2017 kampuni ya Ostinato ya Marekani ilichagua nyimbo 15 na kuzitoa katika mkusanyo uitwao *Sweet as Broken Dates*, ulioteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya albamu za kihistoria. Mwaka 2019 kampuni ya Analog Africa ya Ujerumani ikatoa *Mogadisco*, baada ya kuchimba katika maktaba ya Redio Mogadishu.

Kazi ngumu katika miradi ya namna hii si kusafisha sauti tu. Ni kujua nani anaimba. Kaseti isiyo na maandishi haina la kukusaidia, na mashine ya maabara haijui mahadhi ni ya nani. Lazima umkalishe mtu aliyeupenda wimbo huo, umpigie, umsubiri afumbe macho, aseme: huyu ni fulani, kinanda ni cha fulani, na wimbo huu ulitoka katika tamthilia fulani. Lile gumzo la barazani tulilolidhania kuwa la kupoteza muda ndilo linalomaliza kazi ya maktaba.

Kadi ya salamu na wimbo wa mwito

Tusidhani jambo hili ni la Wasomali peke yao. Kenya na Tanzania nzima zilikuwa na watu wa salamu. Mpenzi wa salamu alinunua kadi, akaandika jina lake, mara nyingi la utani, kisha majina ya watu anaowasalimu, akaomba wimbo. Kadi ilisomwa hewani. Radio Tanzania ilikuwa na salamu za wagonjwa, ambapo wimbo ulikwenda moja kwa moja kwa mtu aliyelala wodini. Waliokuwa wakisalimiana hivyo kwa miaka wakaunda vyama, wakazikana, wakachangiana harusi. Muziki ulikuwa bahasha.

Leo tuna Skiza, huduma ya Safaricom inayoweka wimbo mahali pa ule mlio anaousikia mtu anapokupigia. Fikiri kidogo kuhusu biashara hii. Mtu analipia wimbo ambao yeye mwenyewe hausikii, kwa sababu simu yake inapolia kwa mpigaji, yeye anatafuta pa kubonyeza. Wimbo umenunuliwa kwa ajili ya masikio ya wengine. Mpigie mtu wa Wajir, huenda ukakutana na kaswida, au na dhaanto, mdundo wa ngoma unaopendwa sana upande huo, ambao uchezaji wake hufuata mwendo wa ngamia. Kabla hajasema haloo, ameshakuambia yeye ni nani. Ukiniuliza, huu ndio ushahidi bora kuliko wote kwamba kusikiliza na kusikilizisha havitengani.

Memori kadi na minara

Kaseti imekufa, na waliokuwa wakinakili sasa wanajaza memori kadi. Kijana analeta kadi yake, mwenye kompyuta anamuuliza anataka nini, na asipojua, anamwekea “zile za watu wa hapa.” Nyimbo mia kadhaa zinaingia kabla chai haijapoa.

Spotify ilifunguliwa Kenya Februari 2021, na wenye data ya kutosha wanaitumia. Lakini huko Eldas na kwingineko kaskazini mashariki, mtandao si kitu cha kutegemea. Wanamgambo wa Al-Shabaab wamelipua minara ya simu mara nyingi katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na mnara ukianguka, vijiji vinaweza kukaa muda mrefu bila mawasiliano. Muziki ulioko mawinguni hautelemki. Ulioko kwenye kadi unatoka simu moja kwenda nyingine kwa Bluetooth, watu wakiwa wamekaa mkeka mmoja, kama zamani za milango miwili.

Hali hii inafanana na ya upande mwingine wa bara. Mwaka 2010 hivi, Mmarekani Christopher Kirkley alikusanya nyimbo kutoka kwenye simu za watu wa Kidal, kaskazini mwa Mali, jangwa lisilo na intaneti ya maana. Nyimbo zilikuwa zimepita simu nyingi hadi hakuna aliyejua zilianzia wapi. Alipotaka kuzitoa katika santuri, ikambidi awatafute wasanii mmoja mmoja, kwa sababu majina ya mafaili hayakumwambia kitu.

Hapo ndipo penye hasara ya kadi. Kaseti ilikuwa na karatasi ndani ya ganda, na mwandiko wa mtu unaoujua. Faili lina jina kama “Track 03” au “Hees cusub”, ambalo maana yake ni wimbo mpya, hata kama mwimbaji alikufa zamani. Mwenye kadi ana nyimbo nyingi kuliko babu yake alizowahi kuzisikia, lakini hawezi kujibu hata moja ya yale maswali manne. Vijana wenyewe wameliona. Ndiyo maana katika makundi ya WhatsApp na chini ya video za YouTube utakuta maoni marefu ambayo hayasifu wala hayalaani. Yanataja tu: maneno ya fulani, mahadhi ya fulani, sauti ya fulani. Mtu ameketi Minneapolis anamsahihisha mwenzake wa Wajir kuhusu nani aliupiga udi, na ugomvi wao unafanya kazi ambayo hakuna anayelipwa kuifanya.

Wasiosikiliza, na wasiosema

Mji wa Kiislamu una hoja yake kuhusu muziki, na sura hii isingekuwa ya kweli kama ingeiruka. Wako wengi kaskazini mashariki wanaoamini kwamba ala za muziki ni haramu, na wanaishi kwa imani hiyo. Ubishi huu si mpya. Miaka ya 1940 dereva wa lori aitwaye Abdi Sinimo, wa upande wa Borama, alipoanzisha *balwo*, nyimbo fupi za mapenzi, masheikh na washairi wa dini walizipinga kwa mashairi makali. Nazo balwo zikaenea kwa njia ya malori, bila kuomba ruhusa.

Kupinga kwa hoja ni tofauti na kupinga kwa bunduki. Aprili 2010, wanamgambo wa Hizbul Islam waliziamuru redio za Mogadishu ziache kupiga muziki. Stesheni kadhaa zikajaza nafasi za nyimbo kwa milio ya risasi, injini na wanyama, na kwa sehemu ilikuwa namna ya kuwazomea walioamuru. Mpaka upo karibu, na khofu haina pasipoti. Kundi la Waayaha Cusub, vijana wa Kisomali wa Eastleigh waliorapu dhidi ya wanamgambo, lilishambuliwa na kutishiwa likiwa Nairobi.

Kwa hiyo mpenzi wa muziki wa Eldas hujifunza mapema kupima nani wa kumwambia. Kuna nyimbo za spika na kuna nyimbo za sikioni. Mbele ya abti wake, yaani mjomba, atataja kaswida. Kwa rafiki wa miraa, usiku, atafungua udi wa qaraami, nyimbo za mapenzi za zamani zinazokwenda polepole. Si unafiki, au tuseme si unafiki peke yake. Ni adabu ya kutomlazimisha mtu kusikia asichokitaka, na wanaoweka muziki matatuni wangeweza kujifunza kidogo hapo.

Upande wa wanawake

Mpaka hapa nimezungumza sana habari za baraza, madereva na wenye mashine, yaani habari za wanaume. Lakini sehemu kubwa ya muziki wa kaskazini mashariki iko kwa wanawake. *Buraanbur* ni ushairi wao, unaoimbwa kwa makofi na ngoma, mmoja akiingia katikati kucheza huku wenzake wakimsifu yeye na ukoo wake. Kundi la Gargar, la wanawake wa Garissa, lilichukua nyimbo za namna hii hadi studio ya Ketebul Music ya Tabu Osusa, Nairobi, na kuimba majukwaani mbele ya watu wasiojua neno la Kisomali.

Gargar ni nadra. Harusini, utaratibu wa kupeana nyimbo hugeuzwa. Wanawake wamevua hijabu, wamejipamba, na buraanbur inamtaja bibi harusi na nasaba yake yote. Simu ziko juu zikirekodi, na papo hapo mwenye shughuli anatangaza kwamba rekodi zisitoke nje. Wengine huzuia simu mlangoni kabisa. Aliyerekodi atamtumia dada, dada atamtumia eedo yake, yaani shangazi, aliyeko London, na hapo mlolongo unatakiwa ukome. Video ikivuja TikTok, hakuna anayeuliza nani ameimba. Watu wanataka kujua ilitoka kwa nani, na kila simu iliyokuwamo ndani ya ukumbi inashukiwa.

Wakusanyaji wa Hargeisa, Marekani na Ujerumani wameweza kuzipata sauti za redio, za hoteli na za bendi za serikali. Rekodi hizi za harusi hawajazifikia, wala haieleweki kwamba wanapaswa kuzifikia. Wenye nazo wanajua vizuri sana nani alitunga, nani aliitikia, na ilikuwa harusi ya nani. Hawajaamua kumwambia mtu.